Moto Alioutaka Yuda

Sura ya 38 ya kitabu cha Mwanzo ina kesi ambayo mimbarini haisikiki mara nyingi. Tamari ameolewa na watoto wawili wa Yuda, mmoja baada ya mwingine, na wote wamekufa. Ameahidiwa wa tatu, Shela, na ahadi haitimizwi. Anajifunika ushungi, anakaa kando ya njia ya kwenda Timna, na baba mkwe wake, akimdhania kahaba, anaingia kwake na kuacha rehani ya muhuri, kamba na fimbo. Baada ya miezi mitatu hivi Yuda anapata habari kwamba mkwewe ana mimba ya uzinzi. Haulizi swali hata moja. Anaamuru aletwe nje achomwe moto. Njiani Tamari anatuma zile rehani na ujumbe kwamba mwenye vitu hivi ndiye aliyempa mimba, na Yuda anakiri mbele ya watu kuwa mwanamke huyu ana haki kuliko yeye.

Tukiisoma kesi hii huwa tunamtazama Yuda na Tamari, tukawasahau waliokuwa tumboni. Walikuwa pacha. Moto ule aliouamuru mlinzi wa maadili ya ukoo ungewateketeza pamoja na mama yao, wala simulizi haisemi kwamba Yuda aliwafikiria hata kidogo. Hakukusudia kuua watoto. Alikusudia kuisafisha nyumba yake aibu, na mimba ilikuwa ndiyo aibu yenyewe. Kilichowaokoa wale wawili hakikuwa sheria kali zaidi wala hotuba juu ya utakatifu wa uhai. Waliokolewa na mzee aliyekubali kusema, hadharani na kwa hasara ya heshima yake, kwamba dhambi hii ni yangu. Mmoja wa pacha hao, Peresi, yumo katika ukoo wa Daudi, na Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu hamwachi nje Tamari. Hoja yangu ndiyo hii: kwa Mkristo anayepinga utoaji mimba, kujichunguza dhambi zake si pambo la unyenyekevu linaloongezwa baada ya msimamo. Ni sehemu ya msimamo wenyewe, na pale kunapokosekana, mpinzani wa utoaji mimba huishia kuwa mmoja wa wanaousababisha.

Lakini msimamo wenyewe kwanza, maana siku hizi wapo wanaodhani kwamba kuuliza maswali kama haya ni kuuaga. Biblia haina amri inayotaja utoaji mimba kwa jina, na mhubiri anayedai ipo hasaidii kitu. Ilicho nacho ni namna moja ya kumtazama aliye tumboni, inayojirudia: Yeremia anaambiwa kwamba alijulikana kabla hajaumbwa, mwimbaji wa Zaburi ya 139 anajiona akifumwa tumboni mwa mama yake, na Luka anasimulia jinsi Yohana alivyoruka ndani ya Elisabeti. Kipo pia kifungu kigumu cha Kutoka sura ya 21, kuhusu wanaume wanaopigana wakamuumiza mwanamke mjamzito. Kinasomeka kwa namna moja katika Kiebrania na kwa namna nyingine katika tafsiri ya kale ya Kiyunani, na kila upande unaokikimbilia hutoka na nusu ya ulichokitafuta. Wakristo wa kwanza, waliosoma maandiko hayo hayo, hawakusita. Didake, mwongozo mdogo wa kanisa ulioandikwa yapata mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2, unakataza kwa pamoja kutoa mimba na kuua mtoto mchanga. Tertuliani wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, aliandika hivyo hivyo kuelekea mwaka 200. Kwa hiyo hoja kwamba upinzani huu uliletwa kwetu na siasa za Marekani haina miguu. Fedha na kaulimbiu huenda zimetoka huko, ila imani yenyewe ilikuwa Afrika karne nyingi kabla Marekani haijapata jina.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo tunaolinukuu kanisa la mwanzo hulipita haraka. Katika dola ya Rumi baba alikuwa na haki ya kumkataa mtoto mchanga, na waliokataliwa waliachwa nje, wafe au waokotwe wakawe watumwa. Wakristo walijulikana kwa kutofanya hivyo, na Waraka kwa Diogneto unalitaja hilo miongoni mwa mambo yaliyowatofautisha na majirani zao. Katazo lao lilikuwa na nyumba nyuma yake. Aliyeambiwa asitoe mimba alikuwa na mahali pa kumpeleka mtoto.

Tuje kwetu. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ya Kenya pamoja na watafiti wa kituo cha utafiti cha APHRC walichapisha makadirio kwamba mwaka uliotangulia mimba zilizotolewa nchini humo zilikuwa 464,690, na kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa hospitalini na vituoni kwa madhara yake. Utafiti kama huo kwa Tanzania, kuhusu mwaka 2013, ulikadiria mimba 405,000. Najua litakalosemwa: haya ni makadirio, wala si hesabu ya kichwa kwa kichwa, na taasisi ya Guttmacher iliyoshiriki katika nchi zote mbili haifichi kwamba inataka sheria zilegezwe. Pingamizi hilo ni la haki. Basi yakatwe makadirio hayo nusu, na kama nusu bado inaonekana kubwa, yabaki robo. Robo ya idadi ya Kenya ni zaidi ya mimba laki moja kwa mwaka mmoja, katika nchi ambayo sensa ya 2019 iliwakuta zaidi ya wanane katika kila watu kumi wakijiita Wakristo. Haiwezekani kihesabu kwamba wanawake hao wote wametoka nje ya makanisa. Wako kwenye kwaya, kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye madarasa ya kipaimara. Waliowapa mimba nao wako humo humo, na baadhi yao hupitisha kikapu cha sadaka.

Tena haya yanatokea chini ya sheria kali. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania, zilizorithiwa kutoka kwa Mwingereza, zinafanana mpaka kwenye miaka: 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au kifaa akijua kazi yake. Katiba ya Kenya iliyopitishwa kwa kura ya maoni Agosti 2010, ambayo viongozi wengi wa makanisa waliipinga, pamoja na sababu nyingine, kwa maneno yake juu ya mimba, inasema katika ibara ya 26 kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, kisha inaruhusu utoaji pale tu mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Makanisa yalitumia nguvu nyingi sana juu ya maneno hayo machache. Sisemi yalikosea kujali maneno ya katiba. Nauliza jambo jingine: kama miaka 7 jela haimzuii msichana, ni kitu gani anachokiogopa kuliko jela?

Jibu la sehemu ya swali hilo limo katika daftari za vikao vya wazee wa kanisa. Utaratibu hutofautiana kati ya dhehebu na dhehebu, hata kati ya usharika na usharika, lakini sura yake inajulikana na kila aliyekulia kanisani. Mwanakwaya anapata mimba nje ya ndoa. Mimba inaonekana. Mzee wa mtaa anapeleka taarifa, kikao kinakaa, binti anavuliwa joho, anatengwa na Meza ya Bwana, na mahali pengine mtoto wake anangoja ubatizo hadi mama atakapotubu mbele ya watu na kurudishwa kundini. Sasa mweke kando yake mwenzake wa sauti ya kwanza, aliyepata mimba mwezi huo huo na kuimaliza kimyakimya kwa vidonge vya duka la dawa. Jumapili yuko mstari wa mbele akiimba. Hakuna aliyemwita kikaoni, kwa kuwa hakuna kilichoonekana. Wote wawili wamevunja amri ile ile ya usafi, na mmoja ameongeza juu yake kile tunachosema ni kuua. Anayeadhibiwa ni yule aliyekataa kuua.

Nidhamu inayofanya hivyo haiadhibu uzinzi. Inaadhibu ujauzito. Imeweka ada juu ya kuzaa na kuondoa ada juu ya kutoa, halafu inashangaa watu wanapochagua kilicho nafuu. Mchumi yeyote angeliona hilo kabla ya chai ya saa nne. Sisi tumekaa nalo kwa vizazi, tukiliita uaminifu kwa Neno.

Wala kasoro hii haikuanzia kwetu. Mtaguso wa Elvira huko Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, uliamua kwamba mwanamke aliyeshika mimba ya uzinzi mumewe akiwa hayupo, kisha akaua kilichotokana na dhambi hiyo, asipewe ushirika hata kitandani pa mauti. Mwaka 314 maaskofu waliokutana Ankira, katika nchi inayoitwa Uturuki leo, waliliona agizo la namna hiyo kuwa zito mno wakalipunguza hadi toba ya miaka 10. Wanahistoria wa kanisa huutaja uamuzi huo kama hatua ya huruma, na ni kweli. Lakini katika kanuni hizo mbili mtafute mwanaume aliyempa mimba. Hayupo. Makosa yake ya uzinzi yana kanuni zake kwingineko. Katika hesabu ya mtoto aliyekufa jina lake halimo. Basili Mkuu, askofu wa karne hiyo hiyo, katika barua yake ya kanuni kwa askofu mwenzake Amfilokio, aliendelea mbele kidogo. Alishika miaka 10 hiyo hiyo, akakataa mabishano ya kama mimba ilikuwa imeshakuwa na umbo au bado, akawahesabu watoa dawa nao kuwa wauaji, kisha akasema kwamba kupona kwa mtu kusipimwe kwa miaka bali kwa namna anavyotubu. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito ambao vikao vingi vya leo, vyenye fomu ya adhabu ya miezi sita, havijaufikia. Ilichukua muda mrefu hadi waraka rasmi wa Roma, Evangelium Vitae wa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1995, useme wazi katika kifungu cha 59 kwamba baba wa mtoto anaweza kuwa na hatia, si kwa kumshinikiza mwanamke tu bali hata kwa kumwacha peke yake na tatizo. Na kwamba familia na marafiki nao wamo.

Upande wa serikali umetupa kielelezo kingine, kikubwa zaidi. Kanuni za elimu za Tanzania za mwaka 2002 ziliruhusu kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na shule zilizisoma kanuni hizo kuwa zinahusu mimba. Wasichana walipimwa mkojo, waliokutwa na mimba wakarudishwa nyumbani. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake aliyezaa hatarudi shule. Kauli hiyo ilipigiwa makofi, na Wakristo walikuwemo miongoni mwa waliopiga. Novemba 2021 waziri wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Katikati ya miaka hiyo, hesabu iliyokuwa mbele ya binti wa kidato cha pili aliyechelewa siku zake ilikuwa rahisi mno: zaa upoteze shule, au toa uwepo darasani Jumatatu. Mtu aliyepiga makofi Chalinze na kukemea utoaji mimba Jumapili alikuwa anatoa amri mbili zinazopingana kwa msichana mmoja, na ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa na mkono wa serikali nyuma yake.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya hayo yote linatoka kwa wachungaji wenyewe, na halistahili kudharauliwa. Wanasema: kanisa lisipoonyesha kwamba uzinzi una gharama, litafundisha kwamba hauna ubaya. Binti wa pili atamtazama wa kwanza anavyopokelewa na kubebewa mtoto, na atalegea. Najibu kwamba gharama ya uzinzi kwa msichana anayezaa haihitaji nyongeza yetu. Usiku wa kwanza wa mtoto mwenye homa unatosha. Ambaye hajalipa chochote ni mwanaume, na hapo ndipo wachungaji wanaotaka nidhamu wangeanza kama kweli nidhamu ndiyo wanayoitaka. Tena nakubali kwamba huruma inaweza kutafsiriwa vibaya. Kila neema ina hatari hiyo, na Paulo aliulizwa swali hilo hilo katika Warumi bila kuibadilisha Injili kwa ajili yake. Kati ya hatari ya binti anayelegea na hatari ya mtoto anayetolewa ili joho lisivuliwe, mtu anayeamini anachosema kuhusu uhai hawezi kuona ugumu wa kuchagua.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili. Kama nyote ni wenye dhambi, wanasema, basi nyamazeni. Si mmeambiwa msihukumu? Hili ni jepesi zaidi kuliko linavyosikika. Katika mahubiri yale ya mlimani mwenye boriti jichoni haambiwi amwache ndugu yake na kibanzi chake. Anaambiwa aanze na boriti ili aone vizuri, kisha amsaidie. Nathani hakumwacha Daudi baada ya Uria kuuawa eti kwa sababu manabii nao wana dhambi zao. Kosa la Daudi halikupungua kwa kukiri, ila tu baada ya kukiri lilianza kuitwa kwa jina lake. Anayetaka tuhitimishe kutoka kwenye unafiki wetu kwamba kilicho tumboni si mtu anaruka hatua: unafiki wa shahidi huharibu ushahidi wake mbele ya wasikilizaji, haubadilishi kilichotokea.

Afrika Mashariki ina hazina yake yenyewe katika jambo la kukiri, na inashangaza jinsi tusivyoitumia hapa. Mkutano wa Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church huko Namirembe mwaka 1929, kisha moto wa uamsho uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulizaa watu walioitwa Walokole. Desturi yao ya kutembea nuruni ilikuwa na mpangilio wake: mtu alianza na dhambi yake, akaitaja, na pale penye deni akalipa. Waliorudisha vitu vya wizi walifahamika mitaani. Watu waliungama mbele ya wale waliokuwa wakiwadharau, na Waafrika na wamisionari walijikuta wameketi benchi moja kuombana msamaha. Lakini desturi hiyo nayo ilichakaa. Baada ya muda ushuhuda ulipata sauti yake, maneno yake, hata machozi yake kwa saa maalumu, na dhambi zilizotajwa zikawa zile ambazo msemaji alishaziacha miaka mingi. Ungamo la dhambi ya zamani halimgharimu mtu kitu. Linamjengea heshima.

Ndiyo maana nasema kujichunguza kwa uaminifu kuna alama moja ya kupimia: kunataja kilichopo sasa, na kunamgusa mwenye nafasi ya kupoteza. Baba anayejichunguza hivyo haanzi na fikra zake mbaya kwa ujumla. Anaanza na sentensi aliyoisema mezani, kwamba binti yake akimletea mimba asikanyage hapa tena, kwa kuwa binti aliisikia na ataikumbuka siku ya kupima. Mama anaanza na jina la jirani alilolisambaza. Mzee wa kanisa anaanza na vikao alivyovikalia, akijiuliza ni mara ngapi mwanaume aliitwa. Mchungaji anaanza na bajeti: usharika umetenga kiasi gani kwa mama aliyeamua kuzaa, na kiasi gani kwa vyombo vya muziki? Hayo hayawezi kujibiwa kwa kulia.

Na mwanaume aliyempa mimba? Hapa Yuda hatufai tena kama kielelezo, kwa sababu Tamari alikuwa mtu mzima na kesi ile haikuwa na hakimu mwingine. Kwetu, baadhi ya wanaofikishwa kwenye uamuzi huu ni watoto kisheria. Katika Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998, aliyefanya ngono na binti aliye chini ya miaka 18 ambaye si mkewe amebaka, binti awe ameridhia au la, na kifungo chake cha kawaida hakipungui miaka 30. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 nayo inaanzia miaka 15 na kupanda kadiri umri wa mtoto unavyoshuka. Hata hivyo mambo haya yanamalizwa kifamilia: wazee wanakaa, mbuzi au fedha inatolewa, kiongozi wa dini anaombwa afunge kikao kwa sala, na mshitakiwa anahesabiwa kuwa ametubu. Toba ya namna hiyo inamwacha msichana na mimba isiyo na baba, ushahidi uliopotea, na wazazi walioshapokea malipo. Mchungaji aliyefunga kikao hicho kwa sala ana neno la kukiri mbele ya polisi kabla hajawa na neno la kuhubiri juu ya mimba zinazotolewa.